Simu inasema poleni "chini", mtoto anapiga chafya toka alfajiri. Lubumbashi, nani anaelewa?

MamaPacha, 12 Septemba

Jambo yenu wote. Nina pacha wa miaka tisa, tunakaa Bel-Air. Mmoja hana neno. Mwenzake, tangu katikati ya Agosti, akiamka tu ni chafya kumi, kumi na tano mfululizo. Macho mekundu, na anavyojisugua pua kwa kiganja, kutoka chini kwenda juu, amejichora mstari kwenye pua. Homa hana. Nilimpeleka mahali wakampima malaria, hawakuikuta. Wakampa dawa ya malaria hata hivyo.

Mdogo wangu aliye Ubelgiji akasema hiyo ni alerji ya msimu, nipakue programu inayotabiri. Nikapakua. Siku ya kwanza naona imeandika "poleni", nikadhani simu inanipa pole! Kumbe ni chavua, lile vumbi la maua. Sasa kila asubuhi nafungua: nyasi, chini. Miti, chini. Magugu, chini. Kesho chini, keshokutwa chini. Na mtoto yuko palepale mezani, anapiga chafya mpaka chai inamwagika.

Naomba kujua mambo mawili. Hiyo simu inajuaje hewa ya Lubumbashi? Na kama inasema kweli, mtoto wangu ana nini?

KijanaRuashi, 12 Septemba

Poleni na poleni, mama.

DerevaWaMpaka, 12 Septemba

Mimi nakwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni vumbi tu. Kiangazi hiki hata mbuzi anakohoa. Funga madirisha, mwagia maji mbele ya nyumba, subiri mvua. Hakuna haja ya simu.

BintiGolf, 12 Septemba

Si vumbi, ni jakaranda! Kwetu Golf zimeanza kuchanua, wiki mbili hivi barabara nzima itakuwa zambarau. Kila mwaka zikianza tu na mimi pua inaziba. Mzungu aliyezileta hakutufikiria.

MfugaNyuki, 13 Septemba

Binti, jakaranda unaisingizia. Nina mizinga upande wa Kafubu, miaka kumi na saba sasa, na kazi yangu ni kujua kipi kinachanua lini. Ngoja nieleze, mtanisamehe urefu.

Ua lenye rangi na harufu linamwita nyuki. Chavua yake ni nzito, inanata, inasafiri kwa miguu ya mdudu. Haipeperuki hewani kwa wingi. Jakaranda ni hivyo, mwembe ni hivyo, mkalitusi ni hivyo. Ukilala chini ya mwembe uliochanua labda itakufikia, lakini haitakufuata mpaka chumbani.

Zinazosumbua watu ni zile zinazoutegemea upepo. Hizo hazina haja ya kupendeza, kwa hiyo hata huoni kama zimechanua. Nyasi zote ziko humo. Mahindi pia, ila chembe za mahindi ni kubwa sana, zinaanguka karibu na shamba. Sipresi wanazopanda watu kwenye uzio, humohumo.

Sasa tazama kalenda. Mwembe unachanua tangu Juni. Septemba hii muputu, mti wa porini kwetu, unatoa majani mapya, yale mekundu, kabla hata tone la mvua halijaanguka, kisha maua yake, na nyuki wangu wanaanza kuamka. Mutondo, mti mwingine wa porini, unakuja baadaye, mwisho wa mvua, huo ndio asali yenyewe. Na nyasi? Nyasi zinaota na mvua ya Novemba, zinapita kimo cha mtu, na kuchanua kwenyewe ni Februari, Machi, Aprili, Mei kidogo. Sasa hivi nyasi za huku zimekauka au zimechomwa. Nenda barabara ya Likasi uone, ni majivu.

Kwa hiyo, Mama Pacha, simu haikudanganya. Chavua ya upepo iko chini kweli.

MamaPacha, 13 Septemba

Haikudanganya? Papa, njoo Bel-Air saa kumi na mbili asubuhi usikie mwenyewe.

MuuguziKatuba, 13 Septemba

Mama, tulia kidogo. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli pamoja. Chavua iko chini, na mtoto ana alerji. Ya kitu kingine.

Ule mstari kwenye pua ninaujua vizuri. Mafua ya kawaida yanakuja na homa ndogo, koo linauma, kamasi inakuwa nzito, na baada ya wiki au siku kumi yamekwisha. Alerji haina homa, kamasi ni maji matupu, pua, macho na kaakaa vinawasha, na inakaa wiki nzima nzima kama mgeni asiyeaga. Mwili umekosea: umekutana na kitu kisicho na madhara, umekipokea kama adui.

Sasa adui wa Septemba kwetu ni nani? Nitakuuliza maswali manne, nijibu hapahapa, yatawasaidia na wengine:

Chafya ni asubuhi kitandani, au akitoka nje? Godoro lake lina miaka mingapi? Mbabula, jiko la makaa, mnawashia wapi? Na kuna nani karibu yenu anayechoma pori au takataka?

MamaPacha, 13 Septemba

Asubuhi kitandani, kabla hajatoka nje. Godoro ni la zamani, lilikuwa la kaka yangu kabla hajaoa. Mbabula, umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, tunawasha kwenye baraza ya nyuma, dirisha la watoto liko hapohapo juu yake. Takataka kila mtu anachoma, mtaa mzima, jioni.

MuuguziKatuba, 13 Septemba

Basi umejijibu nusu. Ndani ya godoro la zamani wanaishi wadudu wadogo sana, jicho haliwaoni, wanakula ngozi iliyokufa tunayoiacha tukilala. Wao wenyewe hawaumi. Kinachosumbua ni kinyesi chao kikikauka na kuwa unga. Mtoto amelala uso juu yake kwa muda wa saa tisa, ndiyo sababu chafya zinamngoja alfajiri. Juu yake ongeza moshi wa makaa na wa takataka. Moshi si alerji, lakini unaichubua pua, na pua iliyochubuka inakasirikia kila kitu.

Pacha wa pili analala godoro gani?

MamaPacha, 13 Septemba

La kwake. Tulilinunua mwaka jana.

Ee Mungu wangu.

KijanaRuashi, 14 Septemba

Njo vile. Bakubwa banatafuta satelaiti kumbe bidudu biko mu godoro. Mie yetu iko na miaka kumi na mbili, leo minaitosha ku jua.

MuuguziKatuba, 14 Septemba

Kulitoa juani ni vizuri, lipige fimbo mbali na watoto. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana kila wiki, vuguvugu haiwaui. Na mbabula ihame dirishani, hilo halina gharama.

Dawa: setirizini mara moja kwa siku, kipimo cha umri wake, umuulize wa farmasi anayejua kazi yake. Ile ya zamani, klorofenamini, ni rahisi na inafanya kazi, lakini mtoto atasinzia darasani na mwalimu atadhani ni mvivu. Ipo pia ya kupuliza puani, yenye steroidi, hiyo inataka siku kadhaa mfululizo ndipo uone kitu. Watu wengi wanaitupa siku ya pili.

Akianza kukohoa usiku, kifua kikipiga filimbi, au mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, acha uzi huu, nenda kwenye kituo cha afya mara moja. Hiyo ni pumu.

MzeeKamalondo, 15 Septemba

Mnaongea magodoro na nyasi, hakuna aliyetaja bomba la moshi la kiwanda. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kiko hapa tangu 1911, mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili yake. Sisi tuliokua Kamalondo tulijua hali ya hewa kwa kumtazama yule mrefu: moshi ukielekea wapi, mama zetu wananyanua nguo kwenye kamba au wanaziacha. Kiangazi upepo unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulilala upande wa kaskazini-magharibi, na mpaka leo nendeni mkaone ardhi ya huko, kuna mahali hata majani hayataki kuota. Watu walikohoa. Hakuna aliyesema alerji. Tulisema "moshi ya Union Minière", kampuni ya madini ya Wabelgiji, basi.

DerevaWaMpaka, 15 Septemba

Mzee, zamani hamkuwa na alerji au hamkuwa na jina lake?

MzeeKamalondo, 15 Septemba

Kijana, usinifundishe kupiga chafya.

WaKasapa, 16 Septemba

Naona swali la kwanza la mama limeachwa njiani: simu inajuaje? Niko mwaka wa mwisho wa kilimo, UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, na jambo hili linanikera tangu zamani, kwa hiyo vumilieni.

Haijui. Inakisia.

Kujua chavua ni kuihesabu. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Manchester, Charles Blackley, aliyekuwa mgonjwa wa chafya yeye mwenyewe, alichapisha kitabu baada ya kujifanyia majaribio kwa miaka mingi. Alikuwa anatega vioo vyenye kitu cha kunata, anahesabu chembe chini ya mikroskopu, na kulinganisha na siku zake mbaya. Alifika hata kurusha tiara yenye vioo ili aone juu angani kuna nini. Huko juu nako akazikuta. Baadaye, 1952, Mwingereza mwingine, Hirst, akatengeneza mashine ambayo bado iko kazini mpaka leo: inakaa juu ya paa, inavuta hewa lita 10 kwa dakika, karibu sawa na mtu aliyetulia, na ndani kuna utepe wa kunata unaosogea milimita 2 kwa saa. Wiki ikiisha, mtu anakaa na utepe ule na mikroskopu: hii nyasi, hii sipresi, hii kuvu. Mwisho anasema, jana saa nne asubuhi kulikuwa na chembe kadhaa kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Ulaya wana vituo mamia vya namna hiyo. Afrika Kusini wanavyo katika miji kadhaa.

Hapa kwetu hakuna anayepanda paa. Programu inachukua picha za satelaiti (hapa nyasi, hapa miti, hapa mabati), inaongeza joto, mvua na upepo, kisha inakopa tabia za mimea iliyochunguzwa nchi nyingine na kusema: kwa hali hii, nyasi zingekuwa zimefika hapa. Muputu hautambui, mutondo hautambui. Utabiri wa Ulaya wenyewe, ule wa Copernicus, mradi wa Umoja wa Ulaya wa satelaiti, unataja mimea sita tu: miti ya kwao iitwayo alder na birch, mzeituni, nyasi, na magugu mawili. Katika hiyo, kinachotuhusu sana ni nyasi.

Na kinachoniudhi ni hiki. Utabiri wa mvua unajirekebisha, kwa sababu mvua ikinyesha hata mtoto anajua. Pale uwanja wa ndege wa Luano wanapima upepo na mvua, kesho wanaona walikosea wapi. Utabiri wa chavua usipokuwa na mtu wa kuhesabu, ukikosea leo utakosea hivyohivyo mwakani, na nambari itaendelea kuonekana nzuri kwenye kioo. Mfuga nyuki anasema Septemba simu imesema kweli. Sawa. Lakini daktari anayemwambia kila mgonjwa "una malaria" naye anapatia mara kwa mara.

Tungojee Machi tuone itasema nini.

BintiGolf, 16 Septemba

Sijakubali kuhusu jakaranda. Ila nimetazama kwenye uzio wetu, tuna sipresi kumi na nane.

DerevaWaMpaka, 17 Septemba

Sasa nami nitubu. Nilicheka hapo juu, lakini kila mwaka, Februari mpaka Aprili, macho yananiwasha kwenye foleni ya mpakani hata siwezi kuangalia kioo cha pembeni. Malori yamesimama kilomita na kilomita, pande zote mbili nyasi ziko juu kama mtu. Mimi nasema mafua ya mvua. Nimenunua dawa za mafua za kutosha kulipia tairi. Na ikifika Juni yamekwisha yenyewe, ninamshukuru aliyeniuzia.

MfugaNyuki, 17 Septemba

Papa dereva, hiyo ndiyo chavua. Kila mtu analalamika kiangazi, ambapo ni vumbi na moshi, halafu msimu wenyewe ukifika hakuna anayeutambua kwa sababu mvua inanyesha na tunaimba mafua.

WaKasapa, 18 Septemba

Pendekezo. Mama Pacha, chukua daftari la shule. Kila siku mstari mmoja: chafya ngapi asubuhi, macho, alikuwa wapi, upepo, moshi, mvua, na kitu gani kinachanua mtaani. Mwisho wa mstari andika simu ilisema nini. Mimi nitaweka kioo chenye vaselini juu ya mti wa uzio hapa Kasapa, saa 24, mara moja kwa wiki, nikitazame maabara wakiniruhusu. Kioo cha hivyo hakiwezi kutoa hesabu ya mita ya ujazo, na kinapendelea chembe nzito. Lakini chembe ya nyasi inajitambulisha: duara, laini, ina kitundu kimoja tu.

MamaPacha, 18 Septemba

Daftari ninalo. Lina mistari ya mwandiko, ila tutaelewana.

WaKasapa, 29 Septemba

Kioo cha pili nimekiona. Mchanga, masizi, vipande vya majani yaliyoungua. Chembe za nyasi ni za kuhesabu kwa vidole, na vidole vinabaki.

MamaPacha, 6 Oktoba

Godoro limetoka. Mbabula imehamia nyuma ya choo, mvulana wangu wa kwanza analalamika kubeba sufuria mbali. Chafya za asubuhi zimeshuka kutoka kumi na tano mpaka nne, tano. Jioni wakichoma takataka zinarudi.

KijanaRuashi, 6 Oktoba

Mama, hapo umepiga.

MuuguziKatuba, 3 Novemba

Mvua ya kwanza kubwa imepiga jana usiku, na leo asubuhi kwetu wamekuja wenye pumu watano kabla ya saa tatu. Wengi wanadhani mvua inasafisha hewa, na ni kweli ikinyesha taratibu na kwa muda. Ile ya radi na upepo mbele ni nyingine. Inachota kila kilichokuwa chini na kukirusha usoni, na kuvu kwenye majani makavu inaamka na unyevu huo wa kwanza.

Mji wa Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya radi ilipita jioni katikati ya msimu wa nyasi. Chembe nzima ya nyasi ni kubwa, inakwama puani. Ikilowa inapasuka, na vipande vyake vinashuka mpaka kifuani. Maelfu walikimbilia hospitali ndani ya muda mfupi, watu 10 wakafa, na baadhi ya waliougua hawakuwahi kuwa na pumu, chafya tu za msimu. Sisemi itatokea hapa. Nasema mwenye pampu ya pumu, ile ya salbutamoli, aiangalie leo kama ina kitu ndani, na wingu jeusi likija na upepo, watoto waingie, madirisha yafungwe, mpaka lipite.

MzeeKamalondo, 3 Novemba

Hilo nimelisikia vizuri, binti. Marehemu dada yangu alikuwa anabanwa mvua ya kwanza kila mwaka. Tulisema ni harufu ya udongo.

MamaPacha, 9 Machi

Nimerudi. Naona uzi ulilala.

Daftari limejaa. Novemba alikohoa usiku mbili, nikampeleka, amepata pampu. Desemba na Januari karibu hakuna kitu, nimeandika "sifuri" mpaka nikaona aibu. Halafu kuanzia tarehe 17 Februari imeanza upya, na si kama ile. Asubuhi kitandani yuko mzima. Saa nne anatoka kucheza mpira, anarudi macho yamevimba kama amepigana. Pua ni ya pili, macho ndiyo ya kwanza. Ikinyesha mchana kutwa anapona. Ikifuata siku ya jua na upepo, mbaya sana. Na pacha wa pili, aliyekuwa hana neno, sasa anajikuna naye.

Wanachezea kando ya lupango, kiwanja, la mtu aliyehamia Kinshasa. Halijafyekwa tangu mvua zianze, nyasi zinawapita.

Simu, siku zote ishirini na moja: chini.

WaKasapa, 9 Machi

Kioo cha wiki hii nilianza kukihesabu, nikaacha kabla sijafika robo. Duara, duara, duara, kitundu kimoja kimoja. Ninaomba nipige picha daftari lako, mama. Tarehe 17 Februari nami nimeiwekea alama.

DerevaWaMpaka, 9 Machi

Niko mpakani naandika haya kwa jicho moja. Nimemeza setirizini tangu wiki ya kwanza ya Februari kama muuguzi alivyosema, mwaka huu angalau naendesha.

MfugaNyuki, 10 Machi

Mama, hizo nyasi zilitakiwa kukatwa Januari, kabla hazijatoa masuke. Sasa zimechanua, lakini afadhali kuliko kuziacha mpaka Mei. Mwenye lupango apigiwe simu kwanza, halafu tufanye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Jumamosi naweza kuja na vijana wawili na mapanga.

KijanaRuashi, 10 Machi

Mie niko. Banipatie saa.

MfugaNyuki, 10 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, umande ukiwa bado, chavua ikiwa imelowa. Jua likishatoka ndipo zinaachia. Kila mtu kitambaa puani. Pacha wabaki ndani na madirisha yafungwe mpaka jioni. Na majani yakikatwa yarundikwe pembeni yaoze, nitayachukua mimi kwa mboji. Asitokee mtu na kiberiti.

MamaPacha, 10 Machi

Mwenyewe amepokea, amekubali, anasema hata yeye alikuwa anapiga chafya akikaa hapo. Chai na mbalala (karanga) ziko kwangu. Mapanga mangapi yanahitajika?

MzeeKamalondo, 10 Machi

Weka moja la ziada. Ninakuja kusimamia.